Chokaa Iliyokula Msitu

(Maneno niliyowaambia mafundi na wanagenzi wa uashi, Lamu)

Assalam alaykum. Wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi wanagenzi mliojibanza karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema: nawaona.

Nimeombwa niseme juu ya safari yangu ya Guatemala. Aliyenialika aliniuliza nitazungumzia nini hasa, nikamjibu nitazungumzia chokaa. Akacheka. "Fundi, umekwenda mpaka Amerika ya Kati, umetembea siku sita msituni, unarudi kutuambia habari za chokaa?" Ndiyo. Mimi ni mwashi. Mkinipeleka ikulu kunywa chai na rais, nitaugonga ukuta kwanza nisikie umejengwa kwa nini.

Safari yenyewe sikuipanga mimi. Mpwa wangu anaishi Houston, anaendesha malori, na huko Guatemala si mbali kwa ndege. Usiku mmoja akanitumia picha kwenye simu: kilima kimefunikwa miti, na chini ya miti ukuta mweupe umechungulia. "Mjomba," akaniandikia, "hiki si kilima. Hili ni jengo, na limepigwa lipu." Hapo alinikamata. Kijana ananijua udhaifu wangu.

Mahali penyewe panaitwa El Mirador, magofu ya mji wa Wamaya, wenyeji wa kale wa Amerika ya Kati. Ni katika jimbo la Petén, kaskazini kabisa mwa Guatemala, karibu na mpaka wa Meksiko. Watalii wengi huishia Tikal, magofu mengine ya Wamaya, na sistaajabu, maana Tikal unafika kwa gari na mlangoni kuna vibanda vya soda. El Mirador haina barabara. Ni miguu yako na nyumbu. Nyumbu ninaowataja ni wale wa kuzaliwa na punda na farasi, si wale wa Maasai Mara. Sisi watu wa Lamu tunamjua punda, kwa hiyo nilidhani namjua na mtoto wake. Simjui. Punda wetu ukimchapa ananuna. Nyumbu anakukumbuka hadi kesho yake.

Tulianzia Flores, mji mdogo juu ya kisiwa katika ziwa la Petén Itzá. Una vichochoro na paa za bati, na watu wamekaa vizingitini jioni. Ungewatia kanzu na kofia ungedhani uko mtaa wetu wa Langoni. Hapo ndipo palipokuwa na mji mkuu wa Waitza, ufalme wa mwisho wa Wamaya kutekwa na Wahispania. Ulianguka mwaka 1697. Niliposomewa tarehe hiyo nilisimama, kwa sababu mwaka uliofuata, 1698, ndipo Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu kule Mombasa kutoka kwa Wareno. Huko wageni wanaingia, huku wageni wanatolewa na wageni wengine. Lakini hayo waachieni walimu wa historia.

Kutoka Flores tulipanda basi hadi kijiji cha Carmelita, saa kadhaa za vumbi na mashimo. Hapo lami na umeme vimekwisha kusahauliwa. Katikati ya kijiji pana uwanja mrefu wa majani, wanalishia farasi. Zamani ulikuwa uwanja wa ndege, na ndege hizo hazikuleta watalii, zilikuja kuchukua utomvu. Kijiji kilianza kama kambi ya wagema. Wanakwea mti uitwao chicozapote kwa kamba kiunoni, wanauchanja kwa panga mistari ya kwenda kombo kombo, utomvu mweupe unatiririka hadi kwenye mfuko uliofungwa chini ya shina. Wakishaupika unakuwa donge, na donge hilo ndilo lililotengenezewa chingamu iliyotafunwa Marekani, kabla viwanda havijageukia vitu vya mafuta ya petroli. Matunda ya mti huo mnayajua: ni yale ambayo Wahindi wa Mombasa wanayaita chikoo. Sasa fikirini, hao wagema ndio waliozijua njia zote za msitu ule, ndio walioyajua magofu, miaka mingi kabla ya maprofesa. Profesa alipokuja, alimfuata mgema.

Kiongozi wetu alikuwa mmoja wao, mzee aliyeacha kupanda miti kwa sababu ya goti. Nilimsifu kwa Kihispania changu cha maneno kumi, kisha nikakumbuka kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikanyamaza.

Na kitu kimoja juu ya watu wa Carmelita nisiache kukisema, maana hapa tuna mazoea ya kulalamika. Tangu 1997 wana kibali cha serikali cha kuutunza na kuutumia msitu, zaidi ya hekta 50,000, kupitia ushirika wao wenyewe. Wanakata miti michache kwa hesabu, wanauza majani ya mti mdogo wa jamii ya mnazi uitwao xate kwa wauza maua wa ng'ambo, na wanaongoza wageni. Anayekuongoza, anayekupikia na mwenye nyumbu wote ni wenyeji. Wamewahi kuletewa mawazo makubwa, hata la treni ndogo ya kupeleka watalii hadi kwenye magofu, na wengi wao hawalitaki. Kwa kadiri nilivyoona, msitu wao umesimama, wakati baadhi ya mbuga za pale pale Petén, zenye walinzi na mabango, zimechomwa zikawa malisho ya ng'ombe.

Haya, tutembee.

Ni kama kilomita 40 kwenda, na zile zile kurudi. Tulikwenda mwishoni mwa Januari, mvua zimepungua lakini matope hayajapata habari. Kuna mabonde wanayaita bajos, vinamasi vya msimu. Udongo wake ni mweusi, unanata kama ugali usioiva, na unakuvua kiatu kwa adabu kabisa, taratibu, mguu unatoka na soksi. Mpwa wangu alikuwa amenunua viatu vya bei. Mzee alivaa mabuti ya mpira ya kuchimbia shamba, akatucheka siku sita mfululizo.

Siku ya kwanza niliteleza, nikanyoosha mkono nishike mti. Mzee akanipiga kofi la mkono kabla sijaugusa. Ulikuwa chechén. Gome lake lina madoa meusi, na utomvu wake unababua ngozi kama maji ya moto. Akanionyesha mti mwingine karibu yake, mwekundu, gome linabanduka kama karatasi: huo ndio dawa yake, na mara nyingi hukuta yote miwili jirani. Huo mwekundu wanauita mti wa mtalii, kwa sababu umeiva kwa jua na unabanduka ngozi. Nilicheka peke yangu mpaka chakula cha mchana. Watalii wetu wa Shela wangeuelewa bila mkalimani.

Juu, kima weusi wananguruma. Sauti ile si ya kima, ni ya gari kubwa linalojaribu kuwaka alfajiri. Kupe sitawaeleza, tuna wanawake na watoto hapa. Maji ndiyo shida. Msitu ni mbichi, umelowa, lakini hakuna mto wala chemchemi, kwa sababu ardhi yote ile ni mwamba wa chokaa, maji yanazama. Tunayokunywa yamebebwa na nyumbu au yamekingwa kwenye mvua. Nikitia udhu nilihesabu matone, na mara mbili nilitayamamu. Kibla nako kulinipa kazi: hapa Lamu tunaelekea kaskazini tumemaliza, kule ni kaskazini mashariki, na msituni huoni jua linapotoka. Mpwa alikuwa na simu, alhamdulillahi.

Usiku wa kwanza tulilala El Tintal. Na hapa ndipo chokaa inapoingia, kupitia jikoni.

Nilimwona mpishi, mama mmoja mcheshi, anatia mahindi makavu kwenye sufuria ya maji, kisha anachota unga mweupe kwa kijiko na kuukoroga humo. Nikanusa. Nikamwuliza kwa ishara. "Cal," akasema. Chokaa! Nikachovya kidole, nikaonja, naye akanipokonya kijiko. Wanachemsha mahindi kwenye maji ya chokaa, yanalala usiku kucha, asubuhi ganda limelegea linatoka, wanayaosha na kuyasaga, ndipo wanapika ile mikate yao myembamba, tortilla. Wenyeji wa nchi zile wamefanya hivyo tangu zama za kale. Na si kwa ladha tu. Chokaa inafungua kirutubisho kilichofungika ndani ya hindi, niasini. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, watu waliyachukua bila kuchukua chokaa, na maskini walioyategemea kule Italia, na baadaye kusini mwa Marekani, wakaugua pelagra: ngozi inachubuka, akili inapotea. Nikawaambia wenzangu kwamba kwetu pia tunaila chokaa, tunaipaka kwenye jani la tambuu na popoo. Hawakuniamini hadi niliposhika simu nikawaonyesha picha ya marehemu nyanya yangu, meno mekundu.

Asubuhi mzee alinipeleka nyuma ya kambi. Pale El Tintal kila kilima, na kila kilima ni jengo, kimetobolewa. Ni kazi ya wezi wa magofu. Walikuwa wakitafuta vyungu vya makaburini kuwauzia matajiri wa ng'ambo. Wamechimba mitaro imeingia hadi tumboni mwa jengo, kama aliyekata mkate kwa hasira. Ni uharibifu wa kuliza. Lakini mwashi akiingia kwenye mtaro ule na tochi, Mungu anisamehe, ni darasa.

Niliona matabaka. Sakafu juu ya sakafu juu ya sakafu. Chini kabisa, lipu nyembamba kama ukucha. Juu yake kifusi, mawe na udongo, kisha sakafu nyingine ya chokaa. Halafu tena. Kila mtawala akija, hakubomoa jengo la aliyemtangulia, alilifunika kwa lake. Na kadiri unavyopanda juu, ndivyo lipu inavyonenepa. Niliweka kiganja: vidole viwili, vitatu, mahali pengine kiganja kizima. Nikagonga kwa ukucha. Ngumu, inalia. Zaidi ya miaka 2,000 ndani ya kilima chenye unyevu, na inalia kama kigae! Nimeona ukuta wa saruji hapa mjini umepigwa mwaka juzi, leo ukiugusa unaachia kwa sababu chumvi imekosa pa kutokea. Simtaji mtu. Mwenyewe yupo hapa.

Siku ya pili tulifika El Mirador jioni.

Sitawachosha na kila jengo. Mji ule ulishamiri karne chache kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ukaachwa kama mwaka 150 baada yake, kwa hiyo ni wa zamani kuliko sehemu kubwa ya yale yanayoonekana Tikal. Kuna piramidi moja, El Tigre, mita 55. Kubwa kuliko zote ni La Danta, maana yake tapiri, mnyama kama nguruwe mwenye pua ya kuazima. Kutoka chini ya msitu hadi kileleni ni mita 72. Ujazo wake wanasema ni mita za ujazo milioni 2.8. Mwanaakiolojia Richard Hansen, ambaye amechimba huko miaka na miaka, amekadiria kuijenga kulichukua siku milioni 15 za kazi ya mtu mmoja. Nilipiga hesabu njiani: mafundi na vibarua 5,000, bila Ijumaa wala Idi, ni zaidi ya miaka 8. Na hawakuwa na chuma. Hawakuwa na gurudumu la kazi, wala punda. Mawe yalikatwa kwa mawe, mzigo ulibebwa mgongoni kwa mkanda wa kipaji.

Kupanda kuna ngazi za mbao pembeni. Nilifika juu nimekwisha. Ukitazama, ni miti tu, kijani mpaka mbingu zinapoanza, kama bahari ya kusi iliyotulia. Bahari ina vinundu vichache. Mzee akaninyooshea kidole: kinundu kile ni Nakbé, mji mwingine. Palikuwa na barabara iliyoinuliwa ya kuunganisha miji hii miwili, kilomita kama 13. Barabara hizo kwa Kimaya ni sakbe, njia nyeupe. Nyeupe kwa nini? Zilipigwa chokaa! Nyingine zina upana wa mita 40. Utafiti wa leza kutoka angani uliochapishwa mwaka 2022 umehesabu kilomita 177 za barabara hizo katika bonde lile, na makazi 964, yote chini ya miti. Leza inapenya kwenye majani, mti haufichi kitu tena.

Kitu nilichokipenda zaidi hakikuwa juu. Chini, katikati ya mji, kuna bwawa la kukingia mvua, maana nimekwisha kuwaambia hakuna mto. Maji yaliongozwa kutoka kwenye mapaa na viwanja vilivyopigwa lipu, yakashuka ngazi kwa ngazi. Mwaka 2009, kwenye ukuta wa mfumo huo wa maji, wachimbuaji walikuta mchongo wa lipu: watu wawili wanaogelea, mmoja kabeba kichwa. Wachimbuaji wenyewe wanaona ni mapacha mashujaa wa kisa cha kale cha Wamaya, wale walioshuka kuzimu kumtafuta baba yao. Kisa hicho kiliandikwa kwa herufi za Kilatini baada ya Wahispania kuingia, na mchongo huo una zaidi ya miaka 2,000. Sasa umejengewa paa. Nilipiga magoti kwenye uzio nikatazama ukingo wa mkono wa yule muogeleaji. Aliyeuchonga aliufuata na kidole wakati lipu haijakauka. Mwaona? Tunavyofanya sisi kwenye kona ya kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vyombo, mwiko ukishindwa kuingia.

Sasa, kwa nini waliondoka? Wapo wanaotaja ukame, wapo wanaotaja vita, na huenda kila mmoja kashika sehemu ya ukweli. Lakini hoja ya Hansen ndiyo iliyoninyima usingizi. Anasema ni chokaa. Ili upate chokaa lazima uchome mawe, na ili uchome mawe unahitaji kuni, tena kuni mbichi nyingi. Lipu ilivyozidi kunenepa ndivyo msitu ulivyozidi kukatwa. Miti ilipoondoka, mvua ikabeba udongo wa mfinyanzi kutoka vilimani ukajaza vile vinamasi. Na vinamasi ndivyo vilivyokuwa vikiwalisha: walikuwa wakichota tope lake lenye rutuba, wakalipandisha mashambani. Tope likafukiwa. Shamba likafa.

Usiku ule nilimwomba mzee anionyeshe wanavyochoma. Akachukua kijiti akachora kwenye matope karibu na moto: duara, magogo yamelazwa ncha zikielekea katikati, tundu limeachwa katikati pa kuwashia, mawe juu. Nikamnyang'anya kijiti. Nikachora tanuu yetu. Duara, magogo, tundu, matumbawe juu. Tukatazamana. Mpwa wangu, anayetafsiri, akasema, "Mjomba, mumechora kitu kimoja mara mbili."

Nyinyi mliowahi kuchoma tanuu mnajua. Magogo yale mliyoyapanga siku mbili, asubuhi yamekuwa jivu, na chokaa mliyopata inatosha vyumba vichache. Mkiimwagia maji ikafura mnafurahi, hamhesabu miti. Mimi pia sijawahi kuhesabu. Miaka 30 na kitu ya kazi, mikoko na minazi imepita mikononi mwangu, sijapata kuandika hata kwenye kipande cha karatasi. Na lile vazi la vidaka ukutani, safu juu ya safu, linalowafanya wageni wafungue midomo, linahitajika ili nyumba isimame? Halihitajiki. Babu zetu wa karne ya 18 walitaka jirani aone. Wale wa El Mirador nao walipiga lipu ya kiganja kizima mahali ambapo ukucha ulitosha. Na msinielewe vibaya, napenda vidaka kuliko nilivyopenda shule. Lakini siwezi tena kuvitazama bila kuuliza vilikula miti mingapi.

Ng'ambo hapa Manda tuna Takwa yetu, kuta za matumbawe zimezungukwa na mibuyu. Tunapeleka watoto wa shule, wanakimbizana, wanarudi. Safari ijayo nataka wanagenzi watano waende na mimi, tukae siku nzima, tupime unene wa lipu ukuta kwa ukuta. Tusichimbe! Pale ilipobanduka yenyewe tu.

Namalizia na hii pakiti. Niliinunua sokoni Flores, chokaa ya kupikia mahindi. Mpwa aliniambia, "Mjomba, usibebe." Nikambishia. Basi kwenye uwanja mmoja wa ndege wakafungua begi la mzee mwenye kofia ya kiua, anatoka Guatemala, wakakuta mfuko wa nailoni wenye unga mweupe. Nilikaa chumbani muda wa saa tatu. Nilieleza tambuu, nikaeleza tortilla, nikaeleza tanuu, nikataka kuwachorea. Mwisho alikuja afisa mmoja akaufungua, akanusa, akaniuliza kama ni ya kupakia ukuta. Kumbe babake alikuwa mwashi.

Basi ndiyo hii hapa. Sijaigusa tangu siku hiyo. Nyinyi wa mlangoni, mmoja wenu alete ndoo na mchanga uliochekechwa, na nipeni mwiko wangu uko kwenye kikapu. Tuichanganye tuone inashika vipi.